Hong Kong ni China au sio China? Jibu kwa ndugu anayepitia huko kwenda kufunga mzigo Guangzhou

Swali nimelifupisha kidogo. Ndugu mmoja anafanya biashara Kariakoo kaandika hivi: "Kaka, safari hii ajenti kaniambia nishukie Hong Kong kwanza halafu nivuke kwenda Guangzhou. Sasa najiuliza, Hong Kong ni China au ni nchi yake? Kwanini hela yao nyingine na visa nyingine? Wale watu hawana shamba hawana mgodi, utajiri umetoka wapi? Na Mwingereza aliondokaje pale bila vita? Nitakuwa na kama siku tatu, niangalie nini?"

Ndugu yangu, hayo maswali yanaonekana mengi ila yote yanakutana sehemu moja, kwenye boda. Ukiielewa boda ya Hong Kong na China bara umeelewa hela yao, umeelewa siasa zao, na utaelewa hata kwanini ajenti wako anakupitisha huko.

Hong Kong ni China. Bendera ya China inapepea pale tangu usiku wa kuamkia 1 Julai 1997, jeshi ni la Beijing, mambo ya nje ni ya Beijing. Ila ndani ya China hiyo hiyo kuna boda ya kweli kabisa, ina uhamiaji na forodha, na upande huu wa boda wana hela yao, kodi zao, mahakama zao, polisi wao na pasipoti yao. Mpaka kwenye WTO, shirika la biashara la dunia, Hong Kong ina kiti chake yenyewe mbali na kile cha Beijing. Mpango huo wenyewe wanauita nchi moja, mifumo miwili, na uliandikwa udumu miaka 50, yaani mpaka 2047.

Kwako wewe msafiri jambo hilo linaonekana kwenye pasipoti. Mtanzania anaingia Hong Kong bila visa na anaweza kukaa mpaka siku 90, Mkenya vilevile, wakati China bara lazima uombe visa ubalozini kabla hujaondoka. Sasa sikiliza vizuri hapa maana watu wanaumia kila mwaka: ukivuka kwenda Shenzhen au Guangzhou umeingia China, na ukirudi Hong Kong kupanda ndege, hata kama umerudi kula chakula cha mchana tu, kwa sheria UMETOKA China. Kama visa yako ilikuwa ya kuingia mara moja basi imeisha hapo hapo, ukitaka kurudi kuangalia mzigo unaanza upya. Ukijua utaingia na kutoka, omba ya mara mbili tangu mwanzo.

Haya, tuingie kwenye historia, na nitakaa hapo kidogo maana bila hiyo mengine hayaeleweki.

Mwingereza hakuichukua Hong Kong kwa mara moja, aliichukua vipande vitatu, na kila kipande kina karatasi yake. Karne ya 19 Waingereza walikuwa wananunua chai nyingi sana China na Wachina hawakutaka bidhaa zao, walitaka fedha, silva. Wafanyabiashara wakapata kitu cha kuwauzia, kasumba, iliyolimwa India chini ya Waingereza wenyewe. Serikali ya China ikapiga marufuku, na 1839 afisa mmoja anaitwa Lin Zexu akakamata makasha zaidi ya 20,000 akayateketeza kule Humen, mdomoni mwa mto unaokwenda Guangzhou, hapo hapo unapokwenda wewe. Uingereza ikaleta manowari. China ikapigwa, na mkataba wa Nanjing wa 1842 ukawapa Waingereza kisiwa cha Hong Kong moja kwa moja, milele. Vita ya pili ikafuata na 1860 wakachukua ncha ya rasi ya Kowloon, nayo milele. Halafu 1898 wakataka eneo kubwa zaidi la nyuma kwa ajili ya ulinzi, safari hii hawakupewa, walikodishwa, miaka 99, bila hata kulipa kodi ya pango. Hicho kipande cha tatu, New Territories, ndicho karibu asilimia 86 ya ardhi yote ya Hong Kong. Shika hiyo namba.

Watu wa Mombasa nadhani hili hawalioni geni. Ukanda wa pwani ya Kenya, zile maili kumi kutoka baharini, Mwingereza naye alikuwa anaushika kwa kukodi kutoka kwa Sultani wa Zanzibar tangu 1895, bendera nyekundu ya Sultani ikipepea Fort Jesus, na ilipokaribia uhuru wa Kenya likazuka swali la mwambao, hii ardhi ni ya nani, wapewe Kenya au irudi Zanzibar au isimame peke yake? Oktoba 1963 wakatia saini Sultani aachie madai yake na pwani ikaingia Kenya. Hong Kong na yenyewe ilikuwa na karatasi ya pango, ila mwenye nyumba wa huku alikuwa na watu bilioni moja na jeshi jirani ya mlango, ndio maana hesabu zikaenda tofauti.

Sasa unaweza kuuliza, kwanini Hong Kong haikupewa uhuru kama sisi? Tanganyika 1961, Uganda 1962, Kenya na Zanzibar 1963, hata visiwa vidogo kabisa vikapata bendera zao. Jibu lina Mtanzania ndani yake na mimi huwa nalisimulia kwa makusudi. Mpaka 1971 kiti cha China Umoja wa Mataifa kilikuwa kinakaliwa na serikali ya Taiwan. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kutaka Beijing ipewe kiti hicho, balozi wetu pale New York alikuwa Salim Ahmed Salim, kijana bado hajafika miaka 30, na kura ilipopita Oktoba 1971 furaha ya wajumbe wa Afrika ukumbini ilikumbukwa kwa miaka, mpaka Wamarekani walikuja kumkalia kooni Salim alipogombea ukatibu mkuu 1981. Beijing ilipokaa tu kwenye kiti, moja ya mambo ya mwanzo waliyoyafanya, 1972, ni kudai Hong Kong na Macau zitolewe kwenye orodha ya makoloni yanayostahili kujitawala. Hoja yao ilikuwa kwamba haya sio makoloni, ni ardhi yetu iliyochukuliwa kwa mabavu, tutaimaliza wenyewe wakati ukifika. Baraza Kuu likakubali. Kwa hiyo mlango wa uhuru ulifungwa miaka 25 kabla ya Mwingereza kuondoka, na watu wa Hong Kong wenyewe hakuna aliyewauliza.

Na hata bila hilo, uhuru ungekuwa mgumu. Maji. 1963 kulikuwa na ukame, watu Hong Kong wakafika kupata maji masaa manne kila baada ya siku nne, foleni za ndoo mitaani, na tangu 1965 wanavuta maji ya mto Dongjiang kutoka Guangdong, leo ndio sehemu kubwa ya maji yote wanayokunywa. Mboga, nguruwe, samaki, vingi vinatoka ng'ambo ya boda. Mtu anayekushikia bomba la maji huwezi kujadiliana naye kama mko sawa.

Turudi kwenye ile asilimia 86. Pango linaisha 30 Juni 1997. Unaweza kudhani mambo yalianza kuchemka miaka ya tisini, hapana, yalianza mwishoni mwa sabini, na walioyaanzisha sio wanasiasa, ni watu wa mikopo ya nyumba. Benki inataka kukukopesha kwa miaka 15 au 20, sasa mkopo wa 1982 wa miaka 15 unaishia 1997, na serikali iliyokuuzia hati ya kiwanja haina mamlaka ya kutoa hati inayovuka hapo. Gavana wa Hong Kong, MacLehose, akaenda Beijing 1979 kupima upepo, Deng Xiaoping, mkubwa wa China wakati huo, akamwambia wawekezaji wasiwe na wasiwasi, lakini akaweka wazi kwamba Hong Kong inarudi. Septemba 1982 waziri mkuu wa Uingereza, Margaret Thatcher, akaenda mwenyewe, katoka kushinda vita ya Falklands, akajaribu kusema mikataba ya 1842 na 1860 bado ni halali, na labda China ichukue mamlaka ila Uingereza iendelee kuendesha. Deng akakataa kabisa. Soko likaingiwa na hofu, Septemba 1983 dola ya Hong Kong ikaporomoka mpaka kama 9.6 kwa dola moja ya Marekani, maduka yakaanza kukombwa mchele na karatasi za chooni, serikali ikaamua kuifunga hela kwenye 7.80 kwa dola moja mnamo 17 Oktoba 1983. Ndugu yangu, kufuli hiyo ipo mpaka leo! Kwenye soko la hela namba inabaki kati ya 7.75 na 7.85, haiendi popote, ndio maana hela yao ni tofauti na yuani ya China na ndio maana wafanyabiashara wanaiamini.

Mkataba ukasainiwa Desemba 1984. Uingereza inarudisha vipande vyote vitatu, maana huwezi kubaki na kisiwa na ncha ya rasi wakati maji, uwanja wa makontena na nusu ya watu viko kwenye kile cha pango, na China kwa upande wake inaahidi mfumo wa maisha usiguswe miaka 50. Nitasema ninavyoona mimi: kama kazi ya kibiashara ule ni mkataba mzuri sana, umeandikwa na watu waliojua thamani ya boda. Kama haki ya watu una pengo kubwa, maana kiti mezani walikuwa nacho London na Beijing tu. Watu zaidi ya milioni tano walihamishwa kutoka dola moja kwenda nyingine na hawakupigiwa kura yoyote. Mwingereza naye usimpe sifa ya bure, zaidi ya miaka 140 alitawala kwa magavana walioteuliwa London, viti vya kwanza vya kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi kwenye bunge vikaja 1991, mlango wa kutokea ukiwa unaonekana. Kati hapo Juni 1989 yakatokea mauaji ya Tiananmen kule Beijing, Hong Kong watu wapatao milioni waliingia barabarani, na miaka iliyofuata familia nyingi zikahamia Canada na Australia. Gavana wa mwisho, Chris Patten, akajaribu kupanua uchaguzi dakika za mwisho, Beijing ikakasirika. Usiku wa 30 Juni 1997 mvua kubwa inanyesha, Mwanamfalme Charles na rais wa China Jiang Zemin wapo kwenye jukwaa moja, bendera ikashuka nyingine ikapanda, Tung Chee-hwa akaapishwa kuwa mtendaji mkuu wa kwanza, Charles na Patten wakaondoka na meli.

Sasa utajiri. Hapa ndipo watu wengi wanakosea, wanadhani ni Mwingereza aliwajengea, au ni uchapakazi wa Kichina tu. Hong Kong ni dalali, na kila China ilipobadilika huyo dalali alibadilisha kazi. Mwanzo ilikuwa bandari ya kupitishia, kina kirefu cha maji, imekingwa na milima, bandari huria bila ushuru, meli zinashusha hapa zinasambaza China. 1949 Wakomunisti wakashinda, wenye viwanda vya nguo Shanghai wakakimbilia Hong Kong na mashine na ujuzi, na wakimbizi laki kwa laki wakaja bila kitu. Halafu vita ya Korea ikaleta vikwazo vya biashara dhidi ya China, kazi ya kupitisha mizigo ikakatika. Dalali hana mzigo afanye nini? Wakaingia viwandani: mashati, wigi, maua ya plastiki, midoli, saa, redio. Li Ka-shing aliyekuja kuwa tajiri wao mkubwa alianzia kwenye maua ya plastiki. Wakati huo watu wanaishi vibanda vya mbao milimani, Krismasi ya 1953 moto wa Shek Kip Mei uliacha watu zaidi ya 50,000 bila makazi, na hapo ndipo serikali ikaanza kujenga nyumba za umma ambazo leo karibu nusu ya watu wote wanaishi humo. Hilo huwa halitajwi na wanaosema Hong Kong ni soko huria tupu.

Deng akafungua China 1978, Shenzhen ikawa eneo maalum la uchumi 1980, na viwanda vya Hong Kong vikavuka boda karibu vyote kwenda kutafuta ardhi na vibarua rahisi. Ile Guangdong unayoijua wewe, ya viwanda kila kona, ilijengwa kwa sehemu kubwa na hela na maagizo ya Hong Kong. Wao wakabaki na ofisi, benki, bima, meli, mawakili. Leo zaidi ya asilimia 90 ya uchumi wao ni huduma. Na hapa ndio boda inakuwa ya dhahabu, kwa sababu China bara inazuia hela kutoka, Hong Kong haizuii. Kampuni ya Kichina inayotaka mtaji wa dunia inakuja kwenye soko la hisa la Hong Kong, mwekezaji wa nje anayetaka kuingia China bila kuogopa mahakama za bara anasajili kampuni Hong Kong, anatumia sheria za Kiingereza, mikataba ya Kiingereza, usuluhishi wa hapo. Bidhaa hazina ushuru wa forodha isipokuwa pombe, tumbaku, mafuta na kemikali ya methanoli, hakuna VAT, kampuni inalipa 16.5% ya faida inayopatikana pale, na 8.25% tu kwenye milioni mbili za kwanza za dola zao.

Unajiuliza serikali inakula nini na kodi ndogo hivyo? Ardhi. Kama kwetu Tanzania, kule ardhi karibu yote ni ya serikali, mtu anapewa hati ya muda tu. Lakini wao wanaitoa kidogo kidogo kwa mnada, kampuni chache kubwa zinashindana, bei inapaa, hazina inajaa. Anayelipia ni mpangaji. Mji wenye watu kama milioni 7.5 kwenye kilomita za mraba kama 1,100, na sehemu iliyojengwa haifiki hata robo, ila watu zaidi ya laki mbili wanaishi kwenye vyumba vilivyogawanywa, kitanda, jiko na choo vyote pamoja mpaka ukikaa kitandani mguu unagusa sinki. Hii inaniuma kila nikiiona, maana hela ya kuwajengea ipo, imekuwepo miaka mingi. Kodi ndogo anayoifurahia mfanyabiashara mgeni kama wewe na mimi, hao ndio wanaoilipa kwenye pango lao.

Na bandari je? Chukua B/L yako ya mwisho, ile hati ya mzigo wa meli, uangalie bandari ya kupakilia. Nina uhakika mkubwa imeandikwa Nansha, au Yantian, au Shekou, bandari za China bara, sio Hong Kong. Miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili Hong Kong ndiyo iliyokuwa bandari ya makontena yenye shughuli kuliko zote duniani. 2005 Singapore ikaipita, zikaja Shanghai, Shenzhen, Guangzhou yenyewe, leo Hong Kong haimo hata kumi bora. Sio kwamba walizembea, ila mzigo unafuata kiwanda, viwanda viko bara, na bara wamejenga magati yao kwa bei rahisi, sasa kwanini ulipie lori kuvuka boda? Kilichobaki na nguvu ni mizigo ya ndege, uwanja wao wa Chek Lap Kok uliofunguliwa 1998 upo juu kabisa duniani kwa tani za mizigo, simu na vipuri vyepesi vya bei kubwa bado vinapita huko. 1997 uchumi wa Hong Kong ulikuwa karibu asilimia 18 ya uchumi wa China nzima, leo ni kama asilimia 2. Wao hawakushuka, China ndiyo iliyokua. Lakini ukiwa asilimia 18 Beijing inakubembeleza, ukiwa 2 mazungumzo yanabadilika.

Na yalibadilika. Sheria ya Msingi ya Hong Kong, ile katiba yao ndogo, inasema lengo la mwisho ni mtendaji mkuu kuchaguliwa kwa kura za wote. 2003 serikali ikataka sheria ya usalama, watu kama nusu milioni wakaandamana ikaondolewa. 2014 Beijing ikasema mtaruhusiwa kupiga kura ila wagombea watachujwa kwanza, vijana wakakalia barabara siku 79 wakijikinga na mabomu ya machozi kwa miavuli, hawakupata kitu. 2019 ukaja muswada wa kupeleka watuhumiwa kushtakiwa bara, na hapo ndipo mji mzima ulipopasuka, kwa sababu ungetoboa boda pale inapowauma zaidi, mahakamani. Maandamano ya miezi, mawe, risasi, vyuo vikuu vimezingirwa. Muswada ukafutwa, Novemba 2019 wapinzani wakazoa karibu viti 400 kati ya 452 vya madiwani. 30 Juni 2020 Beijing ikaweka sheria ya usalama wa taifa moja kwa moja, bila kupitia bunge la Hong Kong. 2021 uchaguzi ukapangwa upya, bungeni viti ni 90 na vinavyochaguliwa na wananchi moja kwa moja ni 20, mgombea lazima apitishwe kwanza kwamba ni mzalendo. Gazeti la Apple Daily likafungwa 2021, wanasiasa na wanaharakati 45 wakahukumiwa Novemba 2024 vifungo vya miaka minne mpaka kumi, watu wengi wakahamia Uingereza kwa visa maalum. Machi 2024 ile sheria iliyokwama 2003 ikapita na hakukuwa na maandamano tena.

Wapo watakaokwambia mji umetulia na biashara inaenda, na kweli ukifika utaona umetulia, treni zinakwenda kwa dakika. Wapo watakaokwambia Hong Kong imekufa. Mimi ninavyoiona, boda ya hela imebaki karibu yote, boda ya siasa imeondolewa, na swali zito ni kama mahakama zitaweza kubaki huru kwenye kesi za biashara wakati kwenye kesi za siasa watu hawaziamini tena. Tayari baadhi ya majaji wa kigeni wa mahakama yao ya juu wamejiuzulu. Kwa mkataba wako wa kontena mbili tatu hakuna shida. Kwa mtu wa Hong Kong aliyeahidiwa kwamba 2047 ni mbali, ni hasara isiyo na fidia, na mimi siwezi kuisema kwa lugha laini.

Sasa siku zako tatu.

Utaona alama za ukoloni kabla hata hujafika hotelini: magari yanakwenda kushoto kama kwetu, na plagi ya ukutani ni ile ile ya pini tatu za mraba, chaja yako ya Dar inaingia. Ukivuka Shenzhen vyote viwili vinabadilika. Nunua kadi ya Octopus uwanja wa ndege, inalipia treni, basi, pantoni, mpaka soda dukani.

Kitu cha kwanza, na cha bei rahisi kuliko vyote, panda Star Ferry kutoka Tsim Sha Tsui upande wa Kowloon kwenda Central kisiwani jioni giza likiingia. Zile pantoni za kijani na nyeupe zinavusha watu tangu karne ya 19 na mpaka leo nauli ni vijisenti. Ukiwa katikati ya maji unaiona biashara yote imesimama mbele yako, benki ya HSBC iliyoanzishwa hapo 1865 kwa ajili ya biashara ya China, na pembeni yake mnara wa Benki ya China, hizo mbili pamoja na Standard Chartered ndizo zinazochapisha noti za Hong Kong, kwa hiyo usishtuke ukipewa dola mia zenye sura tatu tofauti, zote ni halali. Saa mbili usiku taa za magorofa zinacheza pande zote mbili, simama upande wa Kowloon. Kupanda juu Victoria Peak kwa ile treni ya kamba ya tangu 1888 ni kuzuri ila foleni inaua, nenda asubuhi mapema au panda basi. Tramu, zilizoanza 1904 na leo ni za ghorofa mbili, ndizo napenda kuliko vyote, kaa juu mbele, zinakatiza upande wa kaskazini wa kisiwa polepole.

Chungking Mansions ipo Nathan Road, jengo la 1961 la ghorofa 17, chini maduka ya kubadilisha hela na simu, juu gesti za vyumba vidogo sana. Wafanyabiashara wetu wa simu, Wakenya, Watanzania, Wakongo, miaka ya elfu mbili walikuwa wamejaa hapo wakinunua simu za Kichina na zile zilizorudishwa madukani Ulaya, wakabeba kwenye mabegi mpaka Kariakoo na Luthuli Avenue. Siku hizi wengi wamehamia Xiaobei kule Guangzhou ila bado Kiswahili utakisikia kwenye lifti. Hatua chache kutoka hapo kuna msikiti mkubwa wa Kowloon, na kama unatafuta chakula halali vuka kwenda msikiti wa Wan Chai, wana kantini ya vitafunwa vya Kikantoni halali kabisa, nenda mchana kabla havijaisha. Kwa vifaa vya umeme, spea na vitu vilivyotumika nenda Apliu Street, Sham Shui Po, mtaa wa wenyeji wenye kipato cha chini, bei sio za watalii. Hapo ndipo utaona Hong Kong wanayoishi watu.

Siku moja toka mjini. Hii watu hawaijui, asilimia kama 40 ya Hong Kong ni hifadhi za milima na misitu. Gari la kamba la Ngong Ping linakuchukua dakika kama 25 mpaka kwenye sanamu ya Buddha ya mita 34, halafu basi linashuka Tai O, kijiji cha wavuvi chenye nyumba juu ya nguzo majini. Na kama historia ya juu hapo imekugusa, pita Tai Kwun pale Central, kituo cha polisi na jela ya kikoloni iliyofunguliwa upya 2018, unaingia bure mpaka kwenye selo.

Kwenda Guangzhou chukua treni ya kasi kutoka West Kowloon, ni kama saa moja tu. Uhamiaji wa China upo ndani ya kituo hicho hicho, chini ya ardhi, unapita mstari sakafuni na toka hapo zinatumika sheria za bara ingawa bado upo katikati ya Kowloon. WhatsApp na Google vinakata ukishavuka kama unatumia laini ya kule, kwa hiyo wasiliana na ajenti wako na pakua ramani kabla. Dola zako za Marekani badilisha Hong Kong, hakuna anayekuuliza zimetoka wapi kwa kiasi cha kawaida, ila kuingia bara na zaidi ya dola 5,000 taslimu lazima utoe taarifa forodha. Hela ya mzigo usiibebe mfukoni, itume benki kwa jina la muuzaji aliyeandikwa kwenye invoisi, na kama muuzaji anakuomba ulipe kwenye akaunti ya kampuni nyingine ya Hong Kong usiyoijua, tafuta jina lake kwenye daftari la msajili wa makampuni wa Hong Kong, lipo wazi kwenye intaneti, ndipo uamue.